Chupa ya Kabatini

Kwetu Kitangari maji hununuliwa kwa ndoo,
kwa hiyo mgeni akiulizwa, "Utakunywa nini?"
ajue ameulizwa jambo zito.

Chai ilikuwa ya mama. Chai ya rangi,
maji ya mvua yaliyokingwa batini,
mchaichai wa nyuma ya bafu,
tangawizi iliyotwangwa mpaka kinu kikapiga chafya.
Uraka ulikuwa wa shangazi Amonika:
siku ya kwanza mtamu, hata sisi watoto tulionja,
siku ya pili unaanza kusema,
siku ya tatu unamsema aliyeunywa.
Nipa haikuwa ya mtu. Ilikuja usiku
katika galoni la mafuta ya kula,
na asubuhi hakuna aliyeiona.

Na wiski ilikuwa ya baba.

Kaka Donasiani aliileta mwaka aliopata kazi Mtwara mjini,
ameiviringisha kwenye fulana mbili kama kichanga.
Baba akaiweka kabatini, nyuma ya kioo,
kati ya sahani za harusi na picha ya kipaimara changu,
akatunga sheria: kifuniko kimoja, Jumapili, baada ya misa.
Mgeni mwenye cheo, viwili.
"Hii hainywewi," alisema. "Hii inasikilizwa."

Kisha ukaja mwaka wa ubwiriunga.
Maua ya mikorosho yalikauka mtini kama majivu,
salfa ikapanda bei, chama hakikopeshi,
baba akawa anakwenda shambani kuangalia tu
na kurudi.

Usiku mmoja niliamka kwenda haja
nikamkuta mama na koroboi na faneli,
anahamisha wiski yote kwenye chupa ya maji.
Hakushtuka. Aliniambia, "Shika hapa, mkono usitetemeke."
Kulipokucha alikwenda kwa mkandarasi wa barabara,
yule aliyepanga karibu na zahanati,
na mchana mifuko miwili ya salfa
ilikuwa imeegemea mlango wetu.
"Wifi kanikopesha," akamwambia baba.

Kabatini chupa ilisimama vilevile,
imejaa palepale ilipokuwa imefikia,
rangi ileile ya dhahabu iliyochoka.
Chai, imechujwa mara tatu kwa pindo la kanga.

Jumapili baba alimimina kifuniko.
Akanusa. Akakaa.
Mama akageukia ukuta kuhesabu misumari.
Baba akanywa, akakohoa, machozi yakamlenga.
"Kali," akasema. "Wenzetu wanajua."

Miaka sita.
Kila Jumamosi usiku alimwaga ya zamani akajaza mpya,
maana chai huchacha na wiski haichachi,
na kila mara aliijaza pungufu kidogo,
kifuniko kimoja kamili,
ili chupa izeeke kwa haki.
Karani wa chama alipewa viwili siku ya malipo,
akatoka anayumba, anaimba,
akasahau baiskeli kwetu mpaka Jumanne.

Chupa ilikuwa imebaki vidole viwili
Donasiani alipokuja na nyingine,
kubwa zaidi, ndani ya boksi lenye utepe.
Baba wakati huo halali vizuri, miguu imemvimba,
anakaa uani na blanketi hata jua la saa sita.
Akaipokea, akaigeuzageuza, akasoma maandishi yote
kama anayekagua stakabadhi ya mnada,
akamrudishia.

"Mpelekee yule mkandarasi wa mama yako," akasema,
"kama bado yupo.
Mimi niachieni hii yangu. Nimeizoea.
Kila mwaka inaongezeka tangawizi."

Donasiani alitutazama mmoja mmoja.
Mama alikuwa amechuchumaa mafigani, kijiko mkononi,
hakugeuka,
ila niliuona mgongo wake
unacheka.