Inchi Mbili za Akiba

Nilisema neno moja tu, pini zikiwa mdomoni:
ukipungua kidogo, Nambozo, gauni litakaa vizuri zaidi.
Neno la fundi, la kupitisha muda,
kama mtu anavyosema leo jua kali.
Yeye akalichukua, akaenda nalo nyumbani.

Wiki ya kwanza kiuno thelathini na nne.
Niliandika ukutani kwa chaki, karibu na swichi.
Wiki ya pili thelathini na mbili,
nikamsifu. Mungu anisamehe, nilimsifu.

Sikujua kwamba mkobani ana chupa ya kijani
aliyouziwa stendi ya mabasi na kijana wa kipaza sauti,
yule anayetangaza kwamba Mbale nzima tumejaa sumu,
kwamba damu zetu ni mitaro,
na kwamba siku saba za ndimu, pilipili na majani ya kuharisha,
bila kutia tonge mdomoni,
zitamtoa mtu mpya ndani ya mtu wa zamani.
Elfu thelathini na tano. Kikombe cha kupimia, bure.

Siku ya sita alikuja kujaribu gauni.
Midomo imepasuka. Pumzi inanuka
kama dawa ya kufutia rangi ya kucha.
Nikamwambia, inua mikono nipime kwapa.
Akainua.
Mikono ikabaki juu, yeye akashuka.

Pini zilimwagika sakafuni. Cherehani ya jirani ikanyamaza.
Niliweka kiganja kifuani pake, nikausikia moyo
ukienda kama sindano iliyotokwa na uzi:
inashona, inashona, haishiki kitu.

Tabibu Wepukhulu hakumgombeza.
Alitundika maji, akatafuta mshipa mara tatu,
akasema chumvi za mwili zimetoka na kuhara,
na moyo huo, mama, unaendeshwa na chumvi hizo hizo.
Kisha akamwinamia:
Nani alikuambia wewe ni mchafu?
Nambozo akafumba macho. Chupa, akasema.

Unawajua wanaofagia mji huu saa kumi alfajiri?
Hujawahi kuwaona, ila unakuta barabara safi.
Na wewe unao wako, ini na figo.
Hawaombi chupa.
Wanaomba maji, chakula na usiku wa kulala.
Ukimnyima mfagiaji posho,
usije ukalalamikia vumbi.

Alianza na uji wa wimbi, vijiko vichache.
Tumbo lililofungwa halifunguliwi kwa teke.
Juma la pili mama yake akaleta malewa ya karanga
ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso,
na dodo, na maharage, na matooke kiasi,
akakaa pale akihesabu matonge
kama mtu anayedai deni.

Sasa jioni tunapanda wote barabara ya Wanale,
mpaka kona ya kwanza tu, mimi magoti yananikataa.
Soda ya mchana ameiacha. Chapati ya Jumamosi hakuiacha,
na sikumwuliza.
Kiuno kimerudi thelathini na tatu na nusu.
Daktari wa presha amefurahi, mimi nimefurahi,
bwana harusi hajaona tofauti yoyote.

Gauni nililifumua usiku kucha.
Kitambaa hukatwa kwa mtu,
mtu hakatwi kwa kitambaa;
hilo marehemu bibi alinifundisha kabla sijajua kutia uzi,
nikalisahau kwa sababu ya neno moja.
Siku hizi kila nguo naiachia inchi mbili ndani ya mshono.

Ile namba ya chaki bado iko ukutani, sijaifuta.
Kijana wa stendi naye bado yupo, amenunua spika kubwa zaidi.
Jana aliingia mteja mgeni, msichana wa chuo,
shingo ya chupa ya kijani ikichungulia mkobani.
Akasema, fundi, pima, lakini nitapungua.

Nikatoa pini mdomoni kwanza,
moja moja, nikazichomeka kwenye mto wake.
Nikavuta kiti.