Mlango wa Nyuma

Wifi yangu Bishara anashuka Ijumaa kutoka Ottawa
na ameshatoa amri kwenye simu:
safari hii anataka chakula cha Kijapani, cha kweli,
asipelekwe tena pale samaki wanapozunguka kwenye mkanda
kama mizigo ya uwanja wa ndege.

Ananiuliza mimi kwa sababu nawajua wote.
Kweli nawajua. Fundi wa majokofu,
miaka kumi na minne katika Toronto hii,
na sijapata kuingia mkahawa hata mmoja kwa mlango wa mbele.
Mikahawa naijua kwa visogo vyake:
mapipa, theluji iliyopata kutu,
kijana amechuchumaa anavuta sigara kwa pupa.

Usiniulize habari za taa, wala vikombe.
Niulize kipimajoto.
Pale Yonge, penye foleni mpaka kituo cha basi,
watu wanapiga sahani picha mpaka chakula kinaona haya,
jodari alikuwa amelala nyuzi tisa tangu Jumatatu.
Meneja akaniambia, funga tu mama, mteja haoni.
Nikafunga. Kodi ilikuwa imenikaba.
Hadi leo pale napita upande wa pili wa barabara.

Pale Bloor wali hupikwa asubuhi,
magharibi ukiurusha ukutani unakurudia.
Parkdale, ndiyo, Parkdale yuko Tenzin, Mtibeti,
Japani hajaiona hata kwa ndege kupita juu,
lakini kila sufuria ya supu anaionja kwanza
na ikimkasirisha anaimwaga.
Huyo nilitaka kumpa Bishara, yaishe.

Ila kuna Kuwabara.

Nyuma ya dobi, Dundas, viti tisa,
pazia la buluu limelika upindo.
Aliniita usiku wa Januari,
nje nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
ndani mtambo umekata roho.
Nikamwambia kipuri hakiji kabla ya kesho.
Hakulalama. Akawafunga samaki kwa kitambaa, mmoja mmoja,
akawapanga sandukuni, akalizika sanduku kwenye theluji ya uani,
akaweka kiti juu yake, akakaa.
Mkewe akaleta blanketi, na kiti cha pili.
Nami, sijui kwa nini, nikakikalia.
Saa zangu za kazi zilikuwa zimekwisha kitambo.
Tukakesha kama wafiwa,
au kama watu wenye mtoto mchanga.

Saa nane akaingia jikoni, akatoka na tonge la wali kiganjani,
juu yake kipande cha, nikakodoa macho, kibua.
Kibua! Samaki wa tarehe ishirini na nane,
tuliyemkaanga kwetu madirisha yamefungwa
jirani asijue mshahara haujatoka.
Hapa amelazwa kwenye chumvi, akaogeshwa siki,
mgongo unang'aa kama bwana harusi.
Nikavua glavu kwa meno, nikala nimesimama,
na yule mzee akanitazama usoni
vile ninavyoutazama mshale wa geji,
akingoja utulie.

Ulitulia.

Sasa Bishara. Bishara ni tarumbeta.
Nikimwonyesha vile viti tisa,
Jumapili Ottawa nzima itakuwa uani.
Siku mbili nimezunguka sebuleni na simu mkononi.
Leo nikapiga. Kuwabara akawahi,
jokofu zima, asante, linavuma vizuri.
Nikasema hapana, nataka viti viwili, Ijumaa.
Kimya. Nikasikia kisu kikiwekwa chini.
"Utapitia mlango gani?"
Nikajikuta natazama viatu vyangu.
Wa mbele, nikasema.
"Inama basi. Pazia limeshuka."