Kadi ya Maelezo

Kadi ni ndogo, sentimita saba kwa kumi.
Mkuu wa idara kanionya: mistari minne, Mumbua,
watu hawasomi wakiwa wamesimama.

Jiwe lenyewe lilikuja limefungwa gazeti la mwaka jana
ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia,
mikononi mwa mjukuu wa karani wa reli, kutoka Ngara.
"Babu alilitoa Peshawari. Nyumba tunaiuza.
Mama hataki lilale kwa dalali."
Akatia sahihi, akashuka ngazi, hakugeuka.

Nikaliweka chini ya taa.
Katikati Budha, pua imemeguka,
shuka lake limeanguka kwa mikunjo ya Kirumi,
nywele mawimbi mawimbi, fundo utosini,
kama kijana wa Kiyunani aliyetoka kuoga.
Na nyuma ya bega lake, nusu gizani,
mtu wa ndevu, kifua wazi,
ngozi ya simba shingoni, makucha yakikutana kidarini,
mkononi kitu kinene huku na huku, katikati chembamba.

Kitabu cha kwanza: Herakle.
Cha pili: Vajrapani, mshika radi.
Cha tatu kinavicheka vyote viwili:
huyu ni Indra, mfalme wa miungu, kashushwa cheo.
Cha nne ni tanbihi tupu, sikukimaliza.

Niliandika "pengine".
Ikarudi imezungushiwa wino mwekundu.
Makumbusho hayalipi mtu kwa pengine.

Saa moja jioni Ekiru akaingia kukagua madirisha.
Akasimama. Akavua kofia.
"Huyu wa nyuma namjua," akasema. "Ni mimi."
Nikacheka.
Yeye hakucheka.
"Tazama miguu. Uzito wote uko mguu mmoja,
ndivyo asimamavyo mtu wa zamu ya usiku.
Na rungu hajaliinua. Ukiliinua, umeshachelewa.
Tena hamtazami bosi wake. Anatazama mlango."

Nikatazama. Kweli,
miaka elfu na mia nane, anatazama mlango.

Kitambulisho chake kifuani chasema Cosmas E.
Kwao Turkana ni Ekiru, maana siku ile mvua ilinyesha;
Cosmas alichagua padri Mwitalia;
hapa getini ni soja, au "wewe".
Nikamuuliza lipi hasa lake.
"Inategemea nani anaita, na ana shida gani."

Akaenda na tochi yake. Nikabaki na jibu,
na chai iliyopoa, na magari yakivuma bondeni kuelekea Westlands.
Mchongaji naye, nadhani, hakuchagua.
Mteja mmoja alikuja na ubani, mwingine na sarafu ya Kiyunani,
na patasi ilikuwa moja.

Au Ekiru kakosea.
Huenda ni mungu, na mungu hachoki miguu.
Wino mwekundu utakuja tu, uje.
Nimeandika:

*Mlinzi. Jiwe, Gandhara.*
*Majina yake ni mengi; hatujui aliitikia lipi.*
*Yupo zamu.*
*Tafadhali usiguse.*