Daftari la Mizani

Usiniambie mnakula nini kwenu. Nimeshapima.
Nyumba ya bluu karibu na kisima: makopo ya maziwa ya unga,
kumbe mtoto kapatikana.
Kwa fundi Chihako: chupa ndogo za dawa ya kifua, mwezi wa tatu sasa,
mkewe akizileta haniangalii usoni,
nami naandika nusu kilo, siandiki zaidi.

Chikongola yote huja kwangu imefungwa kwenye viroba.
Naimwaga, naipanga mafungu:
laini, ngumu, bati, boksi.
Lugha yetu ina ujanja wake:
hii taka, juzi si ulikuwa unaitaka?

Mzee Nangumbi wa duka la jumla
kila Ijumaa alichoma maboksi nyuma ya stoo,
moshi ukanikalia kwenye kanga, kwenye wali, kwenye koo la mjukuu.
Nikamfuata na daftari. Mzee, moshi huu ni shilingi elfu nane.
Akacheka mpaka kofia ikamvuka.
Ijumaa ya pili hapakuwa na moshi.
Palikuwa na kijana na toroli,
na mzee nyuma yake, anabishania gramu.

Hoteli moja ya Shangani walinunua mapipa matatu ya rangi,
wakapiga picha nayo.
Wiki nzima yote matatu yakajaa wali.
Ndipo Zamoyoni wa jikoni akachukua mkaa,
akachora mwiba wa samaki kwenye moja, chupa kwenye la pili,
la tatu akaliacha tupu: "Hilo la wasiojua."
Mpaka leo ndilo linalojaa haraka.

Msinione tajiri.
Plastiki mwaka jana mia tano kilo, leo mia tatu;
Dar wameshusha, hawakuniuliza.
Oktoba ikiingia malori yote ni ya korosho,
robota zangu zinalala uani, zinanyeshewa, zinangoja
kama wageni walioitwa wasikaribishwe.
Chupa za kioo sizipokei: hajatokea wa kuzinunua kwangu,
zimejaa ukutani, jua la saa kumi linazichezea bure.
Ila wenzetu wa kiwandani wamenifunza:
maganda ya korosho ndiyo kuni za kukaangia korosho.
Kitu kinampikia nduguye.

Na kuna nisichokipokea kwa roho.
Mama mmoja wa Mkunwa kaja na dumu limeoshwa, linang'aa,
dumu la dawa ya mikorosho.
"Nilikuwa naweka mafuta ya kula," kasema, "sasa linavuja."
Nilikaa chini.
Nikalitoboa kwa msumari, matobo saba,
nikamlipa bei ya dumu jipya, nikamwuliza watoto ni wangapi.
Daftarini nimeandika: hasara.
Sijui nilikusudia ipi.

Mvua za Januari, mfereji wa Magomeni umepita na maji yake,
haukuingia kwa mtu.
Sisemi ni mimi.
Sisemi si mimi.

Jioni nanunua karanga za mia mbili.
Muuzaji kazifunga kwenye karatasi, naijua,
ilipita mizanini kwangu Jumanne:
mtihani wa hesabu, darasa la sita,
jina limechanika, limebaki "Nam".
Swali la nne: kilo ngapi, shilingi ngapi, zimebaki ngapi.
Jibu ni sahihi. Mwalimu kalipiga mstari mwekundu hata hivyo,
kaandika pembeni:
Onesha njia.

Namaliza karanga. Nakung'uta chumvi.
Naikunja karatasi mara nne,
naitia katikati ya daftari,
si kwenye fungu.