Mizani ya Posta

Oulu, Desemba. Jua huchomoza saa nne
kama mtu aliyeitwa mahakamani;
saa nane limeshajiondokea.
Mimi hata hilo silioni:
niko chini, ukumbi wa posta, zamu ya mizigo,
napima, nabandika, nasukuma.

Tuulikki, mtaalamu wangu, ana ofisi juu ya duka la miwani.
Siku ya kwanza hakuniuliza habari za utotoni.
Alinipa daftari lenye safu nne za wima, akasema:
Hilkka, wazo likibisha hodi usilifungulie tu.
Liulize limetoka wapi, limebeba nini.

Nilimcheka moyoni. Mawazo yangu hayabishi hodi.
Yana ufunguo. Nikirudi nayakuta yameshavua viatu.

Jumanne. Tukio: dada yangu Marketta hakupokea simu.
Wazo: mimi ni mzigo.
Naliamini kiasi gani? Tisini na tano kwa mia.
(Ningeandika mia, kalamu iliona haya.)
Ushahidi wa kuunga mkono:
ukurasa mzima, mwandiko mzuri, bila kufuta hata neno.
Ushahidi wa kupinga:
nilikaa mpaka kahawa ikashika utando.

Wiki nzima safu ile ya nne ilibaki nyeupe,
theluji ambayo hata paka hajaikanyaga.

Tuulikki hakunipa pole. Alisoma, kisha akauliza:
"Si wewe unayepima mizigo? Niambie, mzigo ni nini?"
Nikamjibu kikazi, kwa ukali kidogo:
ni kitu chenye uzito na anwani,
kilichofungwa na mtu, kinachosubiriwa na mtu.
Akanyamaza.
Nami nikanyamaza.
Nje trekta lilipita likikwangua barafu barabarani.

Nisidanganye, sikupona pale.
Ndani ya basi nililia kwa sababu ya glavu moja
niliyoiacha kitini pake,
na wazo likaninong'oneza: unaona?

Kazi za nyumbani zilikuwa ndogo hadi aibu.
Osha kikombe. Si vyombo. Kikombe.
Tembea mpaka sanduku la barua, urudi.
Kabla, bashiri ugumu wake; baadaye, andika ulivyokuwa.
Kikombe: nilibashiri tisa, ikawa nne.
Sanduku la barua: nilibashiri nane, ikawa nane,
maana baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri
si hila ya akili.
Hilo nalo nililiandika.

Ijumaa Marketta akapiga, kwa simu ya jirani.
Yake ilifuliwa ndani ya koti la mtoto,
maji moto, mzunguko mrefu.
Siku nne nilizozika moyo wangu
zilikuwa mashine ya kufulia.
Wazo likashuka hadi sitini.
Alhamisi iliyofuata likapanda themanini, bila sababu,
kama lifti iliyoitwa na mtu asiyekuwepo.

Usiku wa mwisho wa mwezi ulikuja mzigo uliochanika kibandiko.
Hatuvitupi vya namna hiyo. Tuna rafu yake,
na mtu wa kuketi navyo, kusoma herufi zilizosalia.
Niliutazama sana.
Kisha zamu ilipoisha nikapanda mwenyewe juu ya mizani kubwa,
na buti, na koti, na glavu zangu mbili.
Kilo themanini na moja na nusu.
Olavi akachungulia kutoka kwenye kompyuta:
"Umezidi kiwango. Unakwenda wapi?"
"Nyumbani," nikasema.
Akabonyeza kitufe, mashine ikatema kibandiko.

Nimekibandika daftarini, safu ya nne.
Sijui kama ni ushahidi. Tuulikki ataniambia.

Asubuhi wazo lilikuwa ndani, kama kawaida,
limekaa mezani, miguu limeikunja.
Nikaliambia: sogea kidogo,
naosha kikombe.