Tanbihi ya Ishirini na Saba

Gombera ameniletea karatasi yenye safu tatu:
Jina. Kazi. Mahali.
"Pulkeria, walichofanya majaalimu mwaka huu.
Kifupi. Askofu hasomi kirefu."

Nachapa, basi.
Padre Ntahondi, Sheria za Kanisa:
vipindi kumi na viwili vya redio, Tabora mjini.
Haimo ile Jumanne mama mmoja alipopiga simu kutoka Urambo
akauliza kama ndoa hufa kabla ya mtu kufa,
na Padre, mwenye kanuni zote kichwani kwa namba,
akanyamaza hadi fundi mitambo akagonga kioo
akidhani umeme umekatika.

Sista Daktari Orestina, Mantiki:
semina mbili, Gereza la Uyui.
Mfungwa mmoja alimjibu kwa hatua tatu, kama alivyofundishwa:
kila binadamu hukosea; hakimu ni binadamu;
"hitimisho, Sista, analo mkuu wa gereza. Muulize."
Sista alirudi akicheka mpaka langoni,
halafu hakuja kula.

Padre Evodi Mlekwa, Maandiko Matakatifu:
makala moja.

Hapo vidole vyangu vinasimama.

Makala moja! Mimi ndiye niliyeichapa mara sita.
Ilianza ikiwa kavu kama Oktoba ya Isevya:
Samsoni, simba aliyekufa, asali ndani ya mzoga,
kurasa thelathini za Wajerumani wakibishana na Wajerumani.
Ndipo akaalikwa Sikonge, kijijini Ipole,
aseme na wafuga nyuki Jumapili baada ya Misa,
akaona vema awape Samsoni,
maana nani mwingine atamwelewa?

Kalunde alikuwa ameketi juu ya debe,
mikono ina makovu madogo madogo kama mtama uliomwagika.
Akamwacha afike katikati. Akauliza:
"Padre, simba huyo alikuwa na siku ngapi tangu afe?"
"Maandiko yanasema, baada ya siku."
"Siku!"
Benchi zima la akina mama likatikisika.
"Padre, nyuki si inzi.
Nyuki ana pua. Mzoga ukinuka anapita mbali.
Waache fisi wale, tai wachokonoe, funza wamalize yao,
mvua ioshe, kiangazi kikaushe,
hadi mbavu ukizigonga zilie ko!
kama gome la mtundu lililokwisha kuwa mzinga.
Hapo ndipo ataingia.
Mwaka, Padre. Usipungue mwaka."

Frateri aliyemwendesha ananiambia
Padre alikaa chini, palepale vumbini, na kanzu yake nyeupe,
akaomba kalamu.

Usiku ule taa ya maktaba haikuzimwa.
Alipekua kamusi ya Kiebrania, ile iliyopasuka mgongo,
akakuta neno lile, siku,
laweza kubeba mwaka mzima tumboni.
Lilikuwa humo muda wote.
Saa kumi na mbili asubuhi akanigongea mlango, hajanyoa:
"Pulkeria, tunaanza upya."

Sasa makala imesomwa Nairobi, wakubwa wamepiga makofi,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
iko tanbihi ya ishirini na saba:
Kalunde Mayombo, mrina asali, Ipole, kwa mdomo.
Mhariri aliandika kutaka mchapishaji na mwaka.
Padre akajibu: Mchapishaji, msitu. Mwaka, kila mwaka.
Mhariri hajaandika tena.

Jina. Kazi. Mahali.
Chini ya Padre Mlekwa kuna nafasi, upana wa kidole.
Nachapa: Kalunde Mayombo. Kusahihisha. Ipole.
Gombera akipenda atafuta; wino mweupe anao.

Nakala ile ya kwanza, aliyokwenda nayo msituni,
bado iko mezani kwangu,
ina doa la asali ukurasa wa kumi na moja.
Leo asubuhi nimekuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani.
Wamefika aya ya pili
na hawana haraka.