Kizingiti cha Nyuma

Nimeanza na paa, kama tufanyavyo wote:
mabati ya mawimbi, yamepakwa rangi nyekundu mara nyingi
hata misumari imezama kama kupe kwenye ngozi.
Ukingoni nakshi ya mbao, iliyotobolewa kwa msumeno mwembamba,
inaning'inia mfano wa pindo la kitambaa cha meza.
Meno tisini na matatu. Saba yameng'oka.

Kibao cha shaba kinasema 1908.
Malkia mwenye mtindo huu alikuwa keshazikwa,
lakini hapa Nakuru fasheni ilikuja kwa treni,
ikashuka, ikapigwa na vumbi, ikakaa.

Lusweti, mlinzi, ananishikia ncha ya utepe.
Mlango wa mbele: futi sita.
Ngazi tano za jiwe, pana kama za kanisa.
Nguzo za mwerezi anazibisha kwa kifundo cha kidole,
anategea sikio, anasema: "Hii nzima. Hii nzima.
Hii ya tatu mchwa wamekula, wamebakiza rangi."

Ndani, majina ya manahodha kwa wino wa dhahabu
mpaka mwaka wa vita; kisha pengo; kisha mengine.
Saa ya mnarani imekwama saa kumi na robo.
"Wakati wa chai," anasema Lusweti. "Ilijua mambo."

Tukazunguka nyuma.
Mlango: futi mbili, inchi nne.
Mwenye sinia hupita kwa ubavu, kama anayeomba radhi.
Hapo nikapiga magoti, nikapima mara mbili.
Ngazi za mbele, miaka yote hiyo,
zimelika unene wa ukucha.
Kizingiti hiki, jiwe lilelile, timbo lilelile,
kimebonyea inchi moja na nusu,
laini kama tumbo la kinu.

Njumu zilipita kule, siku za mechi.
Huku zilipita nyayo, kila siku:
za birika, za barafu, za taulo zilizolowa,
za namba za bati za kutundika ubaoni,
mia na nne kwa saba,
na za mtoto aliyefuata mpira kwenye upupu
akaurudisha mbio, naye hayumo katika hesabu yoyote.

Fomu yauliza: Nani alijenga?
Nikaandika jina lililo kwenye ramani.
Halafu: Maseremala, hawakutajwa.
Yauliza: Kasoro?
Bi Tabutany, katibu wa klabu, alikuwa amenitangulia kwa penseli:
Kizingiti cha nyuma kisawazishwe kwa saruji. Watu hujikwaa.

Nikafuta, karatasi ikakaribia kutoboka.
Nguzo ya tatu ibadilishwe.
Meno saba yachongwe.
Kizingiti kiachwe.

Lusweti alikuwa amevua gambuti,
kakaa palepale na bakuli la githeri,
kisigino ndani ya lile bonde.
"Mvua ikinyesha," akasema, akitafuna,
"maji hutuama hapa.
Shomoro hunywa."